William Hamilton: mwanasayansi aliyekuja Kisangani kutafuta chanzo cha SIDA

KATOTO, Kamina (Haut-Lomami) – Je, SIDA ilitoka ndani ya chanjo ya polio waliyopewa watu wa Congo wakati wa Wabelgiji? Swali hili bado linatembea. Linapita sokoni, linapanda treni, linaingia kwenye makundi ya WhatsApp, na linaamka tena kila mara watu wa chanjo wanapopita mlango kwa mlango na vitone vyao. Wengi wanaolirudia wanadhani hakuna mtu mwenye elimu aliyewahi kulichukua kwa uzito. Yupo aliyelichukua. Aliacha ofisi yake Oxford, akaja Kisangani katikati ya vita ili alijibu kwa mikono yake, na safari hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho maishani mwake.

Jina lake ni William Donald Hamilton. Alikufa mjini London tarehe 7 Machi 2000, akiwa na umri wa miaka 63. Watu wa kazi yake wanamhesabu kati ya wanabiolojia wakubwa wa karne ya 20. Kwetu Congo hajulikani sana, na hilo ni jambo la kushangaza kidogo, maana jibu lililopatikana baada yake linatuhusu sisi kuliko linavyowahusu Waingereza.

Alizaliwa Cairo, Misri, tarehe 1 Agosti 1936, kwa wazazi waliotoka New Zealand. Baba yake, Archibald, alikuwa injinia wa barabara na madaraja. Mama yake, Bettina, alikuwa daktari. Familia ilihamia mashambani katika jimbo la Kent, kusini mwa Uingereza, na mtoto akakua akikimbiza vipepeo na kuchimbua wadudu. Alipokuwa na miaka kama 12 aligundua baruti ambayo baba yake aliibakiza tangu wakati wa vita, akaichezea, ikalipuka. Alipoteza vipande vya vidole vya mkono wa kulia, na vyuma vikamwingia kifuani. Madaktari wa London walimpasua na kumwokoa. Waliomjua ukubwani wanasema woga haukumwingia hata baada ya hapo. Alikuwa mtu wa kupanda miti na kuingiza mkono kwenye kiota cha nyigu ili aone kilichomo.

Baada ya kutumikia jeshi alikwenda Cambridge kusomea biolojia. Huko alikikuta kitabu cha Ronald Fisher cha mwaka 1930 kuhusu hesabu za urithi na uteuzi wa asili. Walimu wake hawakukithamini kitabu hicho, wala mwandishi wake. Hamilton alikisoma mpaka akakimeza. Tangu hapo tabia yake ilijulikana: kama wakubwa walisema jambo fulani halina maana, yeye ndipo alipotaka kuliangalia.

Jambo alilolichagua kwa masomo yake ya udaktari lilikuwa hili. Darwin alifundisha kwamba kila kiumbe kinapigania maisha yake na uzao wake. Basi kwa nini nyuki mfanyakazi, ambaye hazai, anakufa akiilinda nyumba ya malkia? Na kwa nini ndege anapiga kelele kuwaonya wenzake, huku kelele hiyo ikimwonyesha yeye kwa mwewe?

London hakupata mtu wa kuongea naye. Vyuo viwili vilimwandikisha, lakini hakuwa na meza ya kweli katika chochote kati yao, na mara nyingi usiku alikwenda kukaa kwenye mabenchi ya stesheni ya Waterloo kuandika hesabu zake, kwa sababu upweke wa chumbani ulimzidi. Msomaji wa Kamina hahitaji kuelezwa hilo. Stesheni ni mahali ambapo mtu asiye na mtu haonekani hivyo.

Hesabu alizoziandika pale zilichapishwa mwaka 1964, katika makala mbili ndefu zilizobadilisha biolojia. Wazo lenyewe unaweza kulieleza kwa dakika moja. Tabia zinarithiwa kwa njia ya jeni, na jeni zilizo ndani yako zimo pia ndani ya ndugu zako: kwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ni nusu, kwa mtoto wa mjomba ni moja ya nane. Kwa hiyo kujitoa kwa ajili ya mwingine kunaweza kuenea kizazi hadi kizazi, ikiwa faida anayopata ndugu, ukiizidisha kwa kiasi cha undugu, inapita hasara unayopata wewe. Kwa nyuki hesabu ina utamu wake: dume anatoka kwenye yai ambalo halikurutubishwa, na matokeo yake ni kwamba dada wa baba mmoja wanachangia robo tatu za jeni. Nyuki ana undugu mkubwa zaidi na dada yake kuliko ambao angekuwa nao na binti yake. (Kwetu, mtoto wa baba mdogo ni ndugu tu, na atakayemwita moja ya nane atafukuzwa kwenye matanga. Lakini Hamilton hakuwa anaandika juu ya heshima za ukoo. Alikuwa anahesabu jeni.)

Mhakiki aliyepewa makala hiyo na jarida aliomba igawanywe vipande viwili, na wakati inasubiri kutoka, mhakiki huyohuyo, John Maynard Smith, alichapisha maelezo yake mafupi kuhusu wazo la karibu sana. Hamilton hakusahau. Kwa miaka mingi jambo hilo lilimkaa kooni. Aliamini kwamba kazi ya sayansi ina mahakimu wachache mno, wanaojuana mno, na kwamba wazo geni linaweza kufia mezani pa mtu mmoja. Huenda alizidisha. Hata hivyo, imani hiyo ndiyo iliyomleta Congo baadaye.

Kutoka mwaka 1964 alifundisha Imperial College, London. Alikuwa mwalimu mbaya, na wanafunzi hawakumficha. Alizungumza kwa sauti ya chini akiangalia ubao, akapotea ndani ya hesabu zake. Alipumua vizuri zaidi msituni, hasa Brazil, ambako alirudi mara nyingi kutafuta nyigu, mchwa na mende. Alimwoa Christine Friess, wakapata mabinti watatu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alihamia Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, na huko ndiko alikokutana na kompyuta kwa namna iliyobadilisha kazi yake.

Kompyuta wakati ule haikuwa kitu cha mfukoni. Mtu alipeleka kazi yake kwenye chumba cha mashine, mara nyingi ikiwa kwenye kadi zenye matundu, akarudi baadaye kuchukua majibu. Chuoni hapo alikuwepo mwalimu wa siasa, Robert Axelrod, aliyekuwa ameandaa mashindano ya ajabu. Aliomba wataalamu wa nchi mbalimbali wamtumie programu, kila moja ikiwa na akili yake ya kufanya biashara na nyingine: kila mara unaamua kushirikiana na mwenzako au kumwibia, bila kujua yeye ameamua nini, na mchezo unarudiwa mara nyingi. Mara ya kwanza zilishindana programu 14, mara ya pili 62. Mara zote mbili ilishinda ile iliyotumwa na Anatol Rapoport, fupi kuliko zote. Akili yake ilikuwa hii: anza kwa wema, halafu mfanyie mwenzako alivyokufanyia mara iliyopita. Kila anayeweka pesa katika likelemba anaijua hesabu hiyo bila kompyuta. Unamwamini mtu mpaka akupige, na ukishapigwa hungojei mara ya pili. Akirudi vizuri, unarudi naye.

Kinachochekesha ni kwamba Axelrod na Hamilton walifanya kazi katika chuo kimoja bila kujuana. Aliyewakutanisha ni Richard Dawkins, aliyekuwa Oxford, ng'ambo ya bahari. Mwaka 1981 wawili hao walichapisha pamoja katika jarida la Science makala iliyoonyesha kwamba ushirikiano unaweza kuota hata kati ya viumbe visivyo na undugu, hata kati ya vijidudu visivyo na ubongo, mradi vikutane tena na tena.

Tangu hapo Hamilton aliichukulia kompyuta kama shamba la pili. Kuna majaribio ambayo msitu hauwezi kukuruhusu kuyafanya: huwezi kungoja vizazi elfu moja vya tembo. Na kuna hesabu zenye jeni nyingi kwa wakati mmoja ambazo kalamu haiwezi kuzimaliza. Ndani ya mashine vizazi elfu vinapita usiku mmoja. Lakini hakuwa mtu wa kuamini kila kinachotoka kwenye mashine. Kwake, jibu la kompyuta lilikuwa kama maneno ya shahidi mmoja; bado ilibidi mtu avae buti, aende kuona kama viumbe vyenyewe vinasema hivyo.

Swali kubwa alilolipeleka kwenye mashine lilikuwa la kuzaliana kwa dume na jike. Tumelizoea mpaka hatulioni kuwa ni swali. Kiumbe kinachojizalia chenyewe, bila dume, kingeongezeka mara mbili kwa haraka. Kwa nini basi wengi wetu tunahitaji wawili? Hamilton alijibu: kwa sababu ya vimelea na magonjwa. Vijidudu vinazaliana kwa kasi na kujifunza miili yetu, kama mwizi anayechonga ufunguo wa mlango wako polepole. Kama watoto wote wana kufuli moja, ufunguo mmoja unawamaliza wote. Baba na mama wakichanganya jeni zao, kila mtoto anazaliwa na kufuli tofauti, na mwizi anaanza upya. Anayebadilisha namba ya siri ya simu yake kila mara anafanya jambo la jamii hiyohiyo, na ndiyo sababu simu inakusumbua uweke programu mpya wakati yuniti zako zinaisha.

Akiwa na Axelrod na mwanafunzi wa kompyuta, Reiko Tanese, alijenga dunia ndogo ndani ya mashine, yenye viumbe na vimelea vinavyofukuzana. Wanaochanganya jeni walishinda, hata dhidi ya gharama ile ya mara mbili. Majarida makubwa yaliikataa makala yao kwanza. Ikatoka mwaka 1990 katika jarida la Akademia ya Sayansi ya Marekani. Kabla ya hapo, mwaka 1982, yeye na Marlene Zuk walikuwa wameshatoa wazo la jirani: kwamba manyoya yanayong'aa ya ndege dume ni kama cheti cha afya anachomwonyesha jike, kwamba vimelea havijamshinda.

Mwaka 1984 alirudi Uingereza, Oxford, kama profesa wa utafiti wa Royal Society. Zawadi zilifuata, mwaka 1993 peke yake alipata ile ya Crafoord ya Sweden na ile ya Kyoto ya Japani. Alikuwa amefika mahali ambapo mtu anaweza kukaa na kusikiliza sifa zake.

Si kila alichokiamini kinamezeka. Alikuwa na hofu kwamba dawa na upasuaji wa kisasa vinaacha jeni mbovu zijikusanye kidogo kidogo, hata siku moja binadamu wote wawe kama wagonjwa wasioweza kuishi bila hospitali. Yeye mwenyewe aliokolewa na hospitali akiwa mtoto, na mtu aliyemzika mwanawe kwa malaria ana haki ya kuona hofu hiyo kuwa ni ya mtu mwenye kituo cha afya karibu. Wenzake wengi walimpinga hapo, na nadhani walikuwa na haki. Lakini alisema mambo hayo waziwazi, akijua yatamharibia jina, na ukaidi huohuo ndio tunaoukuta katika habari ya Congo.

Habari hiyo inaanza zamani kidogo. Kati ya mwaka 1957 na 1960, chanjo ya polio ya kumeza iliyoitwa CHAT, iliyotengenezwa na daktari Hilary Koprowski wa Taasisi ya Wistar, Philadelphia, ilijaribiwa katika Congo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi. Watu zaidi ya 200,000 waliipata mwaka 1958 katika bonde la Ruzizi peke yake, na kwa jumla waliofikiwa walikaribia milioni moja. Karibu na Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, kwenye kambi ya Lindi, mamia ya sokwe mtu na bonobo walifungwa na kutumiwa katika majaribio yaliyohusiana na chanjo hiyo. Wakongo waliopewa chanjo hawakuulizwa mengi. Ilikuwa ukoloni.

SIDA ilipojulikana, na wataalamu walipotambua kwamba virusi vyake ni ndugu wa virusi vya sokwe mtu, watu wachache nje ya vyuo walianza kuuliza: je, chembe za figo za sokwe wale zilitumika kutengeneza chanjo, na virusi vikapitia hapo? Jarida la Marekani la Rolling Stone liliandika hivyo mwaka 1992, na Koprowski akalipeleka mahakamani. Hamilton alipoona kwamba swali linafungwa na mawakili badala ya maabara, alikasirika. Aliandika kwa jarida la Science kulitetea swali, barua ikakataliwa.

Hapa inafaa kumsikiliza kwa makini, maana watu wanamnukuu vibaya. Hamilton hakusema kwamba imethibitika. Alisema kwamba jambo hili linaweza kupimwa, na kwamba jambo linaloweza kupimwa, likihusu kifo cha mamilioni ya watu, lisipopimwa kwa sababu linawaaibisha wakubwa, basi sayansi imeacha kazi yake. Aliongeza sababu ya kesho: wakati ule madaktari walikuwa wanafikiria kuwapandikizia watu viungo vya wanyama. Kama virusi viliwahi kupita kwa njia ya chanjo, vingeweza kupita pia kwa njia ya moyo au figo ya mnyama, na ilikuwa lazima kujua mapema. Mwaka 1999 mwandishi wa habari Edward Hooper alipotoa kitabu chake kikubwa, The River, chenye kurasa zaidi ya elfu moja juu ya dhana hiyo, Hamilton ndiye aliyeandika utangulizi.

Lakini utangulizi si kipimo. Alichohitaji ni virusi vya sokwe wa Kisangani. Kama chanjo ndiyo chanzo, virusi vya sokwe wa msitu ule vingepaswa kufanana sana na virusi vya watu. Hakuna aliyekuwa amewapima. Kwa hiyo alikwenda mwenyewe, mara ya kwanza mwaka 1999, na tena Januari 2000 pamoja na vijana wawili kutoka Canada, Michael Worobey, aliyekuwa mwanafunzi Oxford, na rafiki yake Jeffrey Joy.

Msomaji wa mashariki anajua Kisangani ilivyokuwa siku zile. Waasi wa RCD waliushika mji, na majeshi ya Rwanda na Uganda yalikuwa yameshapigana humo Agosti 1999. Yangepigana tena Mei na Juni 2000, mara hiyo vibaya zaidi. Profesa wa miaka 63, mwenye zawadi za Sweden na Japani, aliingia msituni pamoja na wenyeji waliojua njia, akatafuta kinyesi na mkojo wa sokwe chini ya viota vyao. Kinyesi kinatosha, ndani yake virusi na kingamwili vinaweza kupatikana, na mnyama haguswi.

Huko malaria ikampata. Walimrudisha London mwisho wa Januari, akaingizwa hospitalini. Malaria ilitibiwa, lakini akatokwa damu nyingi ndani ya tumbo, kwenye kidonda cha utumbo, akapoteza fahamu na hakuzinduka. Alikaa hivyo wiki tano hivi. Magazeti mengi ya Ulaya yaliandika kwamba malaria ya Congo ilimuua. Uchunguzi wa kifo chake ulionyesha mambo yenye mchanganyiko zaidi: ni kutokwa damu tumboni kulikomaliza nguvu za viungo vyake.

Septemba mwaka huohuo Royal Society iliitisha mkutano London juu ya chanzo cha SIDA, mkutano ambao yeye alikuwa ameusukuma. Chupa za zamani za chanjo ya CHAT zilizobaki Wistar zilitolewa na kupelekwa kwenye maabara tofauti. Hazikukutwa na virusi vya SIDA, wala vya sokwe, wala chembe za sokwe. Zilikutwa na chembe za kima wa Asia, kama watengenezaji walivyosema tangu mwanzo. Hooper hakuridhika: alisema kuna chanjo nyingine iliyoongezwa palepale Stanleyville, ambayo chupa zake hazipo tena.

Ndiyo maana kazi ya msituni ilikuwa na uzito. Worobey hakuiacha baada ya kifo cha mwalimu wake. Mwaka 2004, katika jarida la Nature, yeye na wenzake walitangaza kwamba wamepata virusi vya sokwe wa jirani ya Kisangani, na kwamba virusi hivyo viko kwenye tawi la mbali, mbali na tawi lililozaa virusi vya watu. Hata kama mtu angetengeneza chanjo kwa figo za sokwe wa Lindi, SIDA tunayoijua isingetoka humo. Mwaka 2006 kundi jingine liliwapata sokwe wenye virusi vya karibu kabisa: wako kusini-mashariki mwa Cameroon, ng'ambo ya mito mikubwa.

Halafu kompyuta ikafanya sehemu yake. Virusi vinapojinakili hukosea kidogo kidogo. Fikiria barua moja inayonakiliwa kwa mkono na wanafunzi wa darasa baada ya darasa: ukikusanya nakala nyingi na kuhesabu makosa, unaweza kukisia nakala ya kwanza iliandikwa lini na ilipita madarasa gani. Kwa virusi, mashine inajaribu mamilioni ya mpangilio wa ukoo mpaka iupate unaofaa. Kwa kulinganisha damu ya mtu wa Léopoldville ya mwaka 1959 na kipande cha mwili wa mwanamke wa mji huohuo cha mwaka 1960, Worobey na wenzake walionyesha mwaka 2008 kwamba virusi vilikuwa ndani ya watu tangu mwanzo wa karne ya 20, miaka mingi kabla chanjo ya Koprowski haijazaliwa.

Mwaka 2014 kundi ambalo ndani yake walikuwemo watafiti wa idara ya zoolojia ya Oxford, idara ya Hamilton mwenyewe, lilichora safari ya virusi hivyo. Vilianza kuenea Kinshasa karibu mwaka 1920, na vikafika Lubumbashi na Mbuji-Mayi mapema kuliko miji mingine mingi, kwa kufuata watu, na watu walifuata reli. Katika miaka ya 1940 wasafiri zaidi ya milioni moja kwa mwaka walipita Kinshasa kwa treni. Na mtu aliyetoka magharibi wakati ule kwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya Katanga alipanda mto hadi Port-Francqui, leo Ilebo, kisha akachukua treni ya BCK, reli iliyokamilika mwaka 1928. Reli hiyo inapita Kananga, Mwene-Ditu, halafu hapa Kamina, kabla ya kushuka Bukama na kuelekea Lubumbashi. Hakuna utafiti unaosema Kamina ilikuwa na wagonjwa wangapi siku hizo. Lakini njia yenyewe ni hii tunayoisikia ikipiga honi.

Jibu hili lina kazi hata leo. Mwaka 2017 polio ya aina ya 2 ilizuka katika majimbo kadhaa ya nchi, Haut-Lomami ikiwemo, na virusi vyake vilitokana na chanjo ya kumeza yenyewe: mbegu iliyodhoofishwa ambayo, ikizunguka kwa muda mrefu kati ya watoto wengi wasiochanjwa, inaweza kupata nguvu tena. Hilo ni kweli, wataalamu hawalifichi, na dawa yake ni kuwachanja watoto wengi zaidi, kwa haraka, kila nyumba. Habari ya SIDA ndani ya chanjo ni jambo jingine. Hiyo ilipimwa na ikaanguka. Mzazi anayezichanganya hizo mbili mlangoni pake anamwacha mtoto bila kinga dhidi ya ugonjwa unaopooza miguu, kwa kuogopa kitu ambacho Hamilton alikwenda kukitafuta na wenzake hawakukikuta.

Kuna wanaosema alikufa bure kwa wazo lisilo sahihi. Sioni hivyo. Kabla yake swali lilikuwa na hasira pande zote mbili na vipimo vichache sana. Vijana aliowaingiza msituni ndio waliolifunga.

Yeye alikuwa ameandika kwamba akifa angependa mwili wake ulazwe katika msitu wa Brazil, ili mende wakubwa wanaozika mizoga waupeleke chini ya udongo na kuwalisha watoto wao, naye aruke tena akiwa ndani yao. Haikuwezekana. Alizikwa Oxford, karibu na msitu wa Wytham ambamo alizoea kutembea, na Luisa Bozzi, mwandishi wa habari wa Italia aliyeishi naye miaka ya mwisho, aliweka benchi karibu na hapo kwa kumbukumbu yake.

Karatasi zake zilikwenda British Library, London. Pamoja na madaftari ya msituni zilifika pia kadi zenye matundu, mikanda ya sumaku na disketi za ukubwa mbalimbali, zenye programu na barua alizoandika. Wahifadhi walikuta kwamba madaftari yanafunguka na kusomeka kama siku aliyoyaandika, lakini kwa disketi ilibidi kwanza watafute mashine kuukuu za kuzisoma.